Pamu za kivulini Nyanda za Juu Kusini: kinachoziua ni maji ya Juni

Ikifika Juni, kwenye baraza na sebule nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe, pamu, mimea ya mapambo ya jamii ya mitende na michikichi, huanza kuchoka. Ncha za majani zinakauka, jani la chini linakuwa manjano. Mwenye mmea anadhani ni kiu, anaongeza maji. Agosti ikiisha kimebaki kijiti. Hapo hulaumiwa giza la sebuleni, au mbolea, au aliyeuza mche, wakati kosa lilikuwa kopo la maji lililoongezwa mizizi ikiwa imelala kwa baridi.

Pamu nyingi za kivulini asili yake ni chini ya miti mikubwa ya misitu ya joto. Mwanga hafifu zinauvumilia vizuri. Udongo wa baridi uliolowa ndio unaozishinda. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa kama 1,550, Njombe inakaribia 2,000, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10 au chini yake. Udongo wa kwenye chungu hupoa kuliko wa ardhini, kwa sababu chungu kinapigwa na hewa pande zote. Mzizi uliopoa haunywi. Maji uliyomwaga yanabaki pale pale, yanajaza nafasi za hewa, mzizi unakosa pumzi, na vimelea vya kuozesha vinaingia. Juu majani yanakauka kwa sababu hayaletewi maji, ingawa chini ni tope. Ndiyo maana mmea unaooza mizizi unafanana kabisa na mmea wenye kiu.

Kuvitofautisha ni rahisi: nyanyua chungu. Kikiwa chepesi na majani yamelegea, ni kiu. Kikiwa kizito na majani yamelegea, acha maji na uutoe mmea uutazame. Mzizi mzima ni mgumu, mweupe au wa rangi ya maziwa. Uliooza ni wa kahawia, ukiuvuta ngozi yake inateleza na kubaki kama uzi mkononi.

Chagua kwa baridi kwanza, uzuri baadaye

Nasema pamu kwa sababu ndivyo wauza miche wanavyoziita, na kuziita zote mitende au michikichi kunachanganya. Majina ya sokoni nayo hayaaminiki, maana mche mmoja una majina matatu kwa wauzaji watatu. Kwa hiyo nataja na jina la kisayansi, ulionyeshe kwenye simu yako ukienda kununua.

Inayouzwa kuliko zote ni areka, Dypsis lutescens, yenye mashina mengi ya manjano. Hupandishwa kutoka Dar es Salaam ikiwa imenawiri kwa sababu imelelewa kwenye joto. Asili yake ni Madagaska. Joto likikaa chini ya nyuzi 10 usiku baada ya usiku inasimama kukua, majani yanapata madoa, halafu yanakuwa manjano. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, kwenye kimo cha mita 500 hivi, areka ni mmea mzuri sana wa bustani. Mbeya mjini ni ya kubahatisha, na Njombe usijisumbue. Licuala grandis, ile ya majani ya duara yaliyokunjwa kama feni, nayo iache Kyela.

Kwa nyanda za juu, ya kwanza kwangu ni rapisi, Rhapis excelsa. Ina mashina membamba kama mianzi midogo yaliyofungwa nyuzi za kahawia, na majani yaliyogawanyika kama vidole. Asili yake ni kusini mwa China. Inavumilia hata baridi ya chini ya sifuri kwa muda mfupi, kivuli kizito, na mwenye nyumba msahaulifu. Kasoro yake ni uvivu: majani mawili matatu mapya kwa kila shina kwa mwaka, basi. Usinunue ndogo ukitegemea ijaze kona mwakani.

Ya pili ni jamii ya Chamaedorea, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati. Chamaedorea elegans ndiyo ile ndogo ya mezani, ndani ya nyumba ni nadra kupita mita moja na nusu. Inayoonekana kama kichaka kimoja kwenye chungu ni miche kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi, iliyosiwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja una shina moja tu. Usijaribu kuitenganisha ili upate vyungu kumi, maana mizizi yake ni myembamba na imesukana, na utaipoteza nusu yake. Chamaedorea microspadix hutoa machipukizi yenyewe, inazaa matunda mekundu yanayoelekea rangi ya chungwa, na kwa baridi ni ngumu kuliko elegans. Ukiipata, ipande nje bila hofu hata Mufindi. Chamaedorea metallica, yenye majani kama mkia wa samaki na mng'ao wa bati, ni ya dirishani kwenye sebule ndogo.

Kentia, Howea forsteriana, inatoka kisiwa kimoja tu, Lord Howe cha Australia, ambako hakuna joto kali. Hali ya hewa ya Mbeya na Iringa inaifaa kuliko ya Dar es Salaam. Ni ghali na inakua polepole, lakini kwa sebule yenye dari ndefu haina mpinzani.

Makete, na sehemu za Njombe zinazopigwa na jalidi (umande unaoganda), kwa bustani ya nje panda Trachycarpus fortunei. Inastahimili theluji huko milima ya Asia, na jalidi ya Julai haitaisumbua. Mkindu wetu, Phoenix reclinata, ambao majani yake hutoa ukindu wa mikeka, ni pamu nzuri lakini unataka jua na nafasi, na una miiba. Si wa kivulini.

Angalizo: mmea mgumu wenye majani ya kuchoma kama sindano, unaouzwa kwa jina la sago, Cycas revoluta, si pamu kabisa. Mbegu zake na sehemu nyingine ni sumu kali kwa mbwa na hata kwa mtoto. Rapisi, kentia na Chamaedorea elegans hazina shida hiyo kwa mbwa na paka, ila nyama ya tunda la Chamaedorea huwasha ngozi, kwa hiyo ukimenya mbegu vaa glovu.

Nunua Oktoba au Novemba. Mche wa Dar es Salaam ukiuleta Mei unaupeleka moja kwa moja kwenye baridi bila mizizi mipya. Dukani fungua majani ya katikati: lile changa lililojikunja kama mkuki liwe kijani na gumu. Ukilivuta taratibu na likatoka, mmea umeoza moyo, na pamu ya shina moja ikishakufa moyo haichipui tena. Kwa sababu hiyo hiyo usiikate kichwa eti ipunguze urefu.

Udongo wa chunguni

Hapa ndipo unaposhinda au kushindwa vita vya Juni, na bahati nzuri Nyanda za Juu zina malighafi ambazo mikoa mingine inatamani. Mashamba ya misitu ya Sao Hill na viwanda vya mbao vya Mafinga vinaacha magome ya paini kwa marundo. Upande wa Mbeya na Rungwe kuna vijiwe vyepesi vya volkano, vile vyenye matundu vinavyoelea ukivitupa majini. Mkaa uko kila mahali.

Mchanganyiko wangu kwa ndoo: magome ya paini yaliyoozeshwa, vipande vya sentimita moja hadi mbili, ndoo mbili. Vijiwe vya volkano vya ukubwa wa punje ya maharage, ndoo moja. Udongo mweusi wa juu, ndoo moja. Mkaa uliopondwa ukubwa wa njegere, nusu ndoo. Chekecha mkaa kwanza, kwa sababu vumbi lake linaziba matundu. Samadi ya ng'ombe iliyoiva kabisa inaweza kuingia, isizidi sehemu moja ya kumi. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi, usiisogeze.

Magome mabichi hayatumiki. Vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mmea naitrojeni, na pamu inapauka yote. Yalowanishe, changanya gramu 100 za urea kwa kila lita 100 za magome, funika kwa turubai, geuza kila wiki mbili. Miezi miwili au mitatu inatosha. Yakiwa tayari yananuka udongo wa msituni, si utomvu wa paini. Randa za mbao usizitumie badala yake. Zinashikamana na kuzuia maji.

Ukiwa Iringa kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi, usidanganyike kuujaza peke yake kwenye chungu. Ukikauka unakuwa tofali, ukilowa unakuwa uji.

Mwaga lita moja ya maji kwenye chungu kilichojazwa. Yazame kabla hujahesabu kumi, na ndani ya dakika moja yaanze kudondoka chini. Yakichelewa, ongeza vijiwe.

Na zile kokoto zinazowekwa chini ya chungu ili maji yapite? Hazisaidii. Maji hayashuki kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kupandisha tope karibu na mizizi. Kigae kimoja juu ya tundu, udongo usitoroke, kinatosha.

Chungu chenyewe kizidi fungu la mizizi kwa sentimita 5 tu za kipenyo. Pamu ndogo kwenye chungu kikubwa ni mtoto kwenye koti la baba yake: udongo usio na mizizi unabaki umelowa wiki nzima. Vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Matema na Kyela ni vizuri sana, maana udongo wake unapumua, lakini vina kitako cha duara na havina tundu. Viloweke usiku kucha, toboa matundu matatu kwa keekee bila kugonga, kisha uvikalishe kwenye kata ya majani au fremu ya chuma. Vya saruji vipya vinatoa chokaa: vijaze maji na kuyabadilisha kila siku kwa wiki mbili kabla ya kupanda, la sivyo majani mapya yatatoka manjano kwa kukosa chuma.

Usizamishe shina. Pale mizizi inapoanzia ndipo uso wa udongo uishie. Ikiyumba, ifunge kwenye kijiti.

Maji, na alama ya wino

Kuanzia Novemba hadi Aprili, chungu cha sentimita 25 hunywa kama lita moja na nusu kila baada ya siku nne au tano. Ingiza kidole hadi pingili ya pili: pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Nusu saa baadaye mwaga yaliyobaki kwenye kisahani.

Kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti, chungu hicho hicho kinakaa siku kumi hadi kumi na nne. Mwagilia saa nne asubuhi, si jioni, na maji yawe yamekaa ndani tangu jana yake ili ubaridi wa bomba uvunjike. Nusu lita inatosha, kisahani kibaki kikavu.

Tarehe hizi ni za kukadiria, mmea wenyewe ndio wa kuulizwa. Chukua kalamu ya wino usiofutika, chora mstari mwembamba kwenye jani changa lililojikunja, usawa na kitako cha jani la pembeni yake. Baada ya wiki tazama. Mstari ukipanda, hata kwa milimita chache, mizizi inafanya kazi: maji na mbolea vinatumika. Mstari ukiwa palepale, mmea umelala, na chochote utakachoongeza kitaozea chunguni. Kwa rapisi subiri wiki tatu kabla ya kuhukumu.

Ukiikuta imeshaoza, kata mizizi mibovu kwa mkasi uliopanguswa spiriti, hamishia kwenye chungu kidogo kuliko cha mwanzo, udongo mpya wenye unyevu kidogo tu, mahali penye mwanga bila jua. Usimwagilie kwa siku saba. Mbolea isubiri miezi mitatu.

Mwanga: jua letu linahama

Kivuli si giza. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, inua kiganja sentimita 30 juu yake. Ukiona kivuli laini chenye umbo la mkono, panafaa. Kivuli chenye kingo kali ni jua la kuunguza. Usipoona kivuli kabisa, mmea utaishi kwa akiba yake miezi sita au minane huku ukionekana mzima, halafu utaanguka ghafla na utatafuta mchawi. Kona ya namna hiyo inahitaji vyungu viwili vya kupokezana: kimoja ndani wiki mbili, kikarudi barazani wiki nne.

Watu wengi husahau kwamba kwenye latitudo yetu, karibu nyuzi 9 kusini, jua la mchana liko upande wa kaskazini kuanzia Machi mpaka katikati ya Oktoba, na upande wa kusini miezi iliyobaki. Juni linainama nyuzi 32 hivi kutoka utosini, kwa hiyo linaingia ndani kabisa ya baraza linalotazama kaskazini. Kwenye baridi hiyo ni neema, linapasha chungu, mradi pazia jepesi lichuje ukali wa mchana. Dirisha la magharibi ni baya mwaka mzima: jua la saa tisa la Septemba na Oktoba, anga likiwa jeupe kabla ya mvua, linababua jani la Chamaedorea kwa siku moja. Jani lililobabuka halirudi kijani.

Na usiiweke pamu karibu na jiko la mkaa mnaloota Julai. Joto lake kavu linaunguza majani ya upande mmoja. Isitoshe jiko hilo ndani ya chumba kilichofungwa linaua watu, kwa hiyo lina sababu mbili za kutoka nje.

Nje, bustanini

Panda Novemba, mvua ikishalowanisha ardhi. Shimo liwe na upana mara mbili ya chungu, kina kisizidi kimo cha fungu la mizizi. Tukuyu na Uyole, kwenye udongo wa volkano, maji yanapita vizuri. Iringa inua tuta la sentimita 15 hadi 20 upande juu yake. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Nafasi: elegans sentimita 40 kwa mafungu ya mitano, rapisi mita moja, kentia mita mbili na nusu.

Kivuli cha mgrivea kinachuja mwanga vizuri. Mparachichi mkubwa ni mzito mno kwa kentia, rapisi itavumilia. Chini ya mlingoti (mkaratusi) usipande kitu, unamaliza maji yote. Migomba inafaa kama yaya wa miaka miwili ya kwanza.

Epuka bondeni. Hewa baridi hutiririka usiku kama maji, inatua kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, na jalidi huanzia huko. Mita chache juu ya mteremko zinatosha kuokoa mmea. Usiku ukiwa mkavu, hauna upepo wala mawingu, simika vijiti vinne na tandika gunia juu yake, lisiguse majani. Asubuhi liondoe. Majani yaliyoungua kwa baridi yaache mpaka Septemba, yanakinga moyo. Kama jani la katikati limeng'oka, safisha uozo, mimina ndani dawa ya shaba, ile ile wakulima wa kahawa Mbozi wanayopulizia dhidi ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, kwa kipimo cha kwenye pakiti, rudia baada ya siku kumi. Wakati mwingine moyo haujafa wote, na jani jipya linatoka.

Majani yanasema nini

Mbolea ni Oktoba hadi Aprili tu. Chungu cha sentimita 25, nusu kijiko cha chai cha NPK 17-17-17 kila wiki sita, juu ya udongo uliolowa. Kila miezi miwili pitisha maji mengi, mara mbili ya ujazo wa chungu, kuosha chumvi. Ncha kavu za kahawia kwenye mmea wenye mizizi mizima mara nyingi ni chumvi hiyo.

Majani ya zamani yakipata vidoadoa vya manjano na ncha kukauka, ni potasiamu. Yakiwa na ukanda mpana wa manjano pembeni huku katikati ni kijani, ni magnesiamu: kijiko cha chai cha chumvi ya Epsom kwa lita mbili za maji, mara moja kwa mwezi. Majani mapya ndiyo yakipauka, ni chuma, na mara nyingi chanzo ni mizizi kukosa hewa au shina kuzamishwa. Majivu ya jikoni yana potasiamu lakini yanapunguza uchachu wa udongo na kufunga chuma, kwa hiyo konzi moja kwa mwaka, ardhini tu. Na usikate jani la manjano la chini. Mmea unanyonya potasiamu kutoka humo, ukilikata unaanza kunyonya linalofuata. Vivyo hivyo maganda ya shina yasivutwe kabla hayajalegea yenyewe, kidonda kinakaribisha ukungu wa waridi unaoua Chamaedorea.

Agosti hadi Oktoba, hewa ikikauka na vumbi likipanda, tafuta utitiri mwekundu chini ya majani: vitone vingi vyeupe juu, utando mwembamba chini. Pangusa kila jani kwa kitambaa chenye maji, pande zote, kila wiki. Ukizidi, mililita 5 za sabuni ya maji kwa lita moja, jaribu jani moja kwanza, suuza baada ya saa mbili. Vidung'ata vyeupe kama pamba hutolewa kwa pamba yenye spiriti. Maziwa na mafuta ya kupikia vya kung'arishia majani viacheni jikoni, vinanasa vumbi na kuziba vitundu vya jani.

Kuongeza

Mbegu za Chamaedorea zinataka joto la nyuzi 25 na zaidi, na huchukua mwezi mmoja hadi sita au zaidi. Menya nyama, loweka siku mbili, sia kina cha sentimita moja mwezi Oktoba, funika kwa nailoni. Mti dume na jike ni tofauti, mmoja peke yake hauzai.

Rapisi ni ya kugawa. Novemba, toa mmea wote, osha udongo uone mizizi ya chini inapounganika, kata kwa msumeno mdogo mafungu yenye mashina matatu au zaidi na mizizi yake. Shina moja moja huishia kufa. Panda kwenye chungu cha kubana, weka kivulini, funika kwa nailoni wiki tatu, chora mstari wa wino kwenye kila jani changa, na mbolea isubiri mpaka mstari usogee.